Kamba ya Hereni Thelathini na Mbili

Mmeniuliza mno kwenye kikundi chetu: "Yusta, ulipotelea wapi wiki nzima? Simu haipatikani, kazini haupo!" Nilipowajibu kwa vikatuni vya kucheka mkasema naficha mwanaume. Haya, kaeni niwaambie. Nilikuwa bonde la Kilombero, nimepeleka karatasi moja ambayo ilitakiwa ifike zamani.

Kwanza mjue kisa chenyewe. Miezi minne kabla ya hapo, sisi wa maabara tulikwenda porini mbele ya Mngeta kuchukua damu za ng'ombe. Tunatafuta ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaomfanya ng'ombe atoe ndama kabla ya siku zake. Na mtu naye anaupata akinywa maziwa mabichi, au akimzalisha ng'ombe mgonjwa kwa mikono mitupu. Kila ng'ombe tuliyemtoa damu tulimvika hereni ya njano sikioni, yenye namba. Kwenye boma la Mzee Jilala, mfugaji wa Kisukuma, tulivika hereni thelathini na mbili. Tukiwa tunafunga mizigo, mkamwana wake, binti anaitwa Kabula, akanifuata mpaka kwenye gari.

"Dada, majibu mtaleta?"

Nikasema tutaleta, nikampa na namba yangu ya simu. Nilisema vile mtu anavyosema "karibu chakula" huku sahani imebaki mifupa.

Majibu yalitoka. Nikayasoma mwenyewe, ng'ombe wanne wagonjwa, nikayaingiza kwenye kompyuta, nikaenda kunywa chai. Kwetu majibu yanaishia kwenye ripoti. Mpaka Jumanne ile simu ilipoita.

"Dada Yusta, ni Kabula wa kwa Jilala. Jumamosi wananirudisha kwetu Malinyi."

"Umefanya nini?"

"Ng'ombe watano wametupa mimba tangu niolewe. Na mimi zimetoka mbili. Wanasema mkosi nimekuja nao mimi. Nilitaka kuuliza tu, dada. Yale majibu yalisema ni mimi?"

Jamani, majibu ninayo mezani, nimeyawekea kikombe juu. Bosi akasema gari litapatikana mwezi ujao. Nikaomba ruhusa ya msiba wa shangazi, shangazi ambaye mpaka leo ni mzima na anakula vizuri, Mungu anisamehe. Jumatano alfajiri nikaondoka.

Morogoro mpaka Kidatu: wateja wa maji baridi

Nilibeba boksi la barafu, lile jeupe lenye mfuniko wa buluu. Ndani mna chupa ndogo ya dawa ya rangi ya waridi ya kupimia, ambayo haitaki joto, na mirija ya kuchukulia damu. Basi likaenda vizuri hadi tukapita Mikumi, tukaacha lami ya Iringa, na huko mbele beringi ya gurudumu ikafa. Tukashushwa chini ya jua. Kondakta akasema fundi yuko njiani. Mnajua maana yake.

Tulikaa pale kwa saa nne. Mimi nimekaa juu ya boksi langu, nalilinda, kumbe natangaza biashara. Akaja wa kwanza: "Dada, maji shilingi ngapi?" Siuzi maji. "Soda je?" Siuzi. Akaja wa pili, wa tatu, wakapanga na foleni. Baba mmoja akaanza kunisema, eti watu wa Morogoro roho mbaya, unakalia maji baridi watoto wanaungua jua. Nikachoka, nikalifungua mbele ya wote.

"Hii ni dawa ya kupima ng'ombe!"

Wakachungulia. Mama mmoja aliyekuwa anamenya muwa akasema, "Basi tupime sisi, maana tumefungwa hapa tangu asubuhi na hakuna anayetuswaga."

Watu walicheka mpaka yule baba akacheka. Mama akanikatia pingili tatu za muwa, na ndicho kilikuwa chakula changu cha mchana. Kichwani nahesabu: leo Jumatano. Fundi alipofika jua lilikuwa limeshalala upande.

Ifakara: mpunga wa mama

Nikaingia kwa mama yangu Ifakara na vumbi mpaka kwenye kope. Mama akanipakulia wali, huu wetu unaonukia kabla hujafungua mfuniko, na kambale mkavu wa nazi. Nilikula sikuongea. Nilipomaliza nikamweleza niendako, na hapo ndipo amani ilipoishia.

Mama analima ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Misimu miwili iliyopita ng'ombe waliingia shambani kwake mpunga ukiwa unachanua, wakala zaidi ya nusu. Hakulipwa, hakuombwa hata radhi. Sisi ni Wapogoro, jamani, ng'ombe tunamjua akiwa kwenye sufuria. Tangu siku hiyo ukitaja wafugaji, mama anasogeza kiti, anasema hataki hata kuwasikia.

"Unaacha kazi yako unawapelekea majibu?"

"Kuna binti, mama. Atafukuzwa."

"Wakati ng'ombe wao wanakula mpunga wangu, wewe ulikuwa wapi kunipimia?"

Sikumlaumu, maana ule mpunga ndio ulikuwa unisomeshee mdogo wangu. Lakini asubuhi nilikuta chupa mbili za maji zimegandishwa barafu, amezipanga mwenyewe ndani ya boksi langu, amezifunga na gazeti zisigusane na dawa. Alikuwa amekwenda misa ya asubuhi, hakuniaga.

Idete: dakika kumi za dereva

Alhamisi nikapata lori linalokwenda Mngeta na magunia matupu. Dereva akaniweka mbele kwa heshima ya boksi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika Idete lori likazama matairi ya nyuma, likatulia kama limefika nyumbani.

"Dakika kumi tu, dada," dereva akasema.

Saa tano asubuhi ikawa saa nane. Wanakijiji walikuja na majembe, wakachimba, wakaweka matawi, wakasukuma wakiimba, lori likazidi kuzama. Mimi nikaanza kumgombeza dereva utadhani mvua kainyesha yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Kuna mgonjwa?"

Nikasema yupo. Akaacha koleo, akapiga simu, ikaja pikipiki na mtu mzima mmoja amevaa mabuti ya mvua, Baba Edo. Huyo ndiye aliyeniokoa, na ndiye aliyeniangusha. Mara mbili. Mara ya pili tulikwenda ndani ya mtaro, mimi chini, boksi kifuani nimelikumbatia, pikipiki inazunguka gurudumu hewani.

"Dada, umeumia?"

"Angalia chupa kwanza!"

"Mie nakuuliza wewe," akasema, "chupa haina mama."

Tulilala Mngeta, kila mtu kwake, mimi kwenye nyumba ya wageni nikiwa na tope mpaka sikioni. Mwenye duka la soda akaniwekea chupa zangu kwenye friji bila kuuliza maswali. Ijumaa asubuhi Baba Edo akaja, akasema njia ya bomani hakuna mwingine atakayeiweza, na kwa kweli hakuwepo.

Bomani: maziwa ya Malkia

Tulifika saa sita mchana. Pikipiki tuliiacha, tukavuka mto mdogo kwa miguu, maji ya kiunoni, boksi kichwani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni furushi la kanga limefungwa vizuri, limewekwa nje ya mlango wa nyumba ya Kabula. Ndio mzigo wa kumrudisha kwao. Kabula mwenyewe alikuwa pembeni anapepeta mpunga. Aliniona, akainamisha kichwa, akaendelea kupepeta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Mmerudi?" Mzee Jilala akaniwekea kigoda kwa mkono wake. Ni mtu mrefu, mpole, ana macho ya kukusikiliza, na hilo ndilo lililonichanganya. Nilikuja nimejiandaa kukuta katili. Mkewe, Mama Holo, akaleta kibuyu cha maziwa na kikombe.

Sasa, mimi najua kilichomo kwenye karatasi. Nikashukuru, nikasema nimeshiba. Mama Holo akamimina hata hivyo. Nikasema tumbo linaniuma. Baba Edo kando yangu anatikisa kichwa, lakini na yeye nilikuwa nimeshamwonya, kikombe kakishika tu. Mzee akatutazama mmoja mmoja.

"Haya ni maziwa ya Malkia, ng'ombe wetu. Hapa mgeni hayakatai. Anayekataa ana neno. Lisemeni."

Basi nikalisema. Nikasema ng'ombe wanne kati ya wale thelathini na mbili wana ugonjwa wa kutupa mimba, kwamba hauletwi na mtu wala mkosi, uko kwenye damu na maziwa yao. Nikatoa karatasi. Namba tatu, kumi na moja, kumi na tisa, ishirini na sita.

"Ni yupi, kumi na tisa?" akauliza.

"Tutamwona kwenye hereni, wakirudi malishoni."

Mama Holo akatazama chini.

"Hereni tulizitoa," mzee akasema. "Mnadani walikataa kununua. Wanasema mwenye hereni ya njano ni wa watu wa damu, ametiwa dawa, nyama yake si ya kula. Nikamwambia Masanja, mwanangu, azikate zote."

Jamani! Siku tatu za muwa na tope, nimeleta namba zisizo na ng'ombe. Nilihisi kulia, na nadhani nililia kidogo. Mzee akakunja karatasi yangu vizuri, akanirudishia.

"Umejitahidi, mwanangu. Lakini karatasi hii haina mwenyewe."

Hapo Kabula akaweka ungo chini. Kwa desturi yao mkamwana hamsemeshi baba mkwe hivi hivi, wala baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana. Mzee mwenyewe humwita "mke wa Masanja". Kabula akamwambia Mama Holo maneno machache ya Kisukuma, akaingia ndani, akatoka na kamba ndefu ya katani. Juu yake zimetungwa hereni za njano, zote.

Mama Holo akatutafsiria. "Siku ile Masanja alisimama langoni jioni, kila ng'ombe akiingia anamkata hereni. Mke wake alikuwa nyuma yake, anaziokota na kuzitunga. Wa kwanza kuingia, ya kwanza. Wa mwisho, ya mwisho."

"Na ng'ombe," mzee akasema polepole, "huingia vilevile kila siku."

Mimi nilikuwa sijui hilo. Kumbe ng'ombe wana safu yao, kila mmoja anajua nani yuko mbele yake, wala hawagombani.

Nikamgeukia Kabula. "Kwa nini ulizitunza?"

"Si ulisema majibu yatakuja na namba?" akanijibu.

Nilitamani ardhi inimeze. Aliamini neno langu kuliko mimi mwenyewe nilivyoliamini. Nikashika kamba kutazama, na hereni ya kwanza kabisa ilikuwa namba kumi na tisa.

Langoni, jua likizama

Masanja, mume wa Kabula, alirudi na ng'ombe jioni. Kijana mkimya, alinisalimia, akatazama furushi, akatazama pembeni. Sote tukasimama langoni. Mzee akanigusa bega, anatabasamu.

"Yule anayetangulia, mweupe mwenye kiraka cheusi begani. Ndiye Malkia. Nusu ya boma hili ni watoto wake. Tulipohama na kuhama, wengine walikufa njiani, yeye alitembea."

Nikatazama hereni ya kwanza mkononi mwa Kabula, kumi na tisa. Malkia akaingia, na Kabula akasogeza hereni ya kwanza.

Alizisogeza moja moja kwa kidole gumba, kama mama yangu na rozari yake. Ng'ombe anapita, hereni inapita. Wa sita hakuja, akairuka hereni yake: "Huyu alikufa." Mzee akaitikia, kweli alikufa. Baadaye wawili wakapishana. Kabula akasema, "Huyu ana mimba kubwa, anachelewa, mwenzake amempita." Mzee akaitikia tena. Hakukosea hata mmoja. Aliposogeza ya mwisho, lango likafungwa na wote wanne walikuwa wamejulikana.

Nikamtajia mzee wa kwanza, yule wa namba kumi na tisa.

"Malkia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kamba ni ya mke wa Masanja. Anaweza kuitunga atakavyo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeogopa kudanganywa. "Toa damu mbele yangu. Wawili ambao kamba inasema wagonjwa, wawili wazima. Mirija nipe mimi."

Nikatoa damu kabla giza halijaingia, Malkia akiwa wa kwanza. Mzee akachukua mirija minne, akatugeuzia mgongo, akaifunga kila mmoja uzi wake, akaichanganya. Mimi sikujua upi ni upi, alijua yeye na Mungu wake. Tukaiacha isimame damu itulie, maji yake yajitenge juu. Nililala kwa Mama Holo, na mama wa watu aligeuka kitandani mpaka kunakucha.

Jumamosi asubuhi: matone manne

"Mwangaluka," wananisalimia asubuhi, mimi naitikia hivyohivyo. Nimetandika kanga juu ya kigoda, nimeweka kisahani cheupe. Nikafungua boksi, dawa ya waridi bado ina ubaridi. Tone la maji ya damu, tone la dawa, nikachanganya, mara nne. Halafu unakitikisa kisahani taratibu, dakika nne, hakuna cha kuharakisha. Mzee alichuchumaa pua karibu iguse kisahani.

Matone mawili yakabaki laini, rangi moja. Mawili yakaanza kushika chembechembe, kama maziwa yaliyokatika kwenye chai.

"Haya yamekatika," mzee akasema kabla yangu. Akachukua mirija ya matone yale, akatazama nyuzi. Mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Akaketi chini kabisa, kwenye vumbi.

"Mwekundu ni Malkia. Mweusi ni yule wa ishirini na sita. Kamba imesema kweli."

Nilidhani yamekwisha. Aka! Mzee akainua kichwa. "Lakini mkosi si unaweza kumwingia ng'ombe kutoka kwa mtu?"

Nikakumbuka kuuliza kitu ambacho ningeuliza miezi minne iliyopita kama ningekuwa na akili. "Malkia alitupa mimba lini mara ya kwanza?"

Aliyejibu ni Masanja, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake vizuri.

"Mwaka ule tulipofika hapa, baba. Ulinituma nikamzike ndama." Akamgeukia mke wake. "Nilikuwa sijaoa."

Mama Holo akajifunika uso kwa kanga. Nikaendelea kwa upole, maana palihitaji upole. Nikauliza, ndama wa Malkia aliyetupwa baada ya hapo, nani alimvuta wakati wa kuzaliwa? Kabula akainua mikono yake miwili, akaitazama. Nikasema basi, kama Kabula ana ugonjwa huu, Malkia ndiye aliyempa, si yeye aliyempa Malkia. Mimi si daktari wa watu, aende hospitali Ifakara apimwe, na Masanja, na ninyi wote. Vidonge vipo. Na maziwa kuanzia leo yachemshwe, na ndama aliyetupwa asishikwe kwa mkono mtupu, azikwe.

"Na Malkia?" mzee akauliza.

"Hana dawa, mzee. Inabidi atolewe kundini."

Alikaa muda mrefu anasugua ule uzi mwekundu kati ya vidole. Baba Edo akaanza kusema kwamba mnadani hawatajua, mzee akamkatisha. "Nikimuuza ninampelekea mwenzangu. Nitamwita bwana mifugo."

Kisha akasimama. Akavuka uwanja mpaka mlangoni kwa Kabula, akainama, akabeba lile furushi. Hakuvuka kizingiti, desturi haimruhusu. Akasimama pale amelishika kwa mikono miwili, mzee mzima.

"Kabula," akaita. "Mwanangu. Njoo upokee mzigo wako, uuweke ndani."

Kabula akaja, akapiga magoti, akapokea. Mimi nikaenda kufungasha boksi, maana nilikuwa sioni vizuri.

Kurudi

Lori lilikuwa bado Idete, na dereva bado anasema dakika kumi. Baba Edo akanipeleka moja kwa moja mpaka Ifakara, akaniangusha mara moja tu. Mama akamkaribisha wali, akamwongeza bila kuombwa. Mimi sikusimulia, nilimwogopa. Alisubiri tumalize kula.

"Na yule binti? Wamemrudisha kwao?"

"Hapana, mama. Yupo kwake. Jumatatu anakuja hospitali na mume wake. Shida ni maziwa, hawana hata chombo kikubwa cha kuchemshia, wana vibuyu."

Mama akanyanyuka, akaingia ndani. Akarudi na sufuria lake kubwa la mfuniko, lile la Pasaka, ambalo sisi watoto wake haturuhusiwi hata kuliazima. Akalifuta kwa pindo la kanga, akalifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki ya Baba Edo, akaijaribu kamba kama imekaza.

"Mama," nikasema, "si ulisema hutaki hata kuwasikia?"

"Niliwakataa ng'ombe," akanijibu, "sikumkataa mtoto wa watu."